Turubai la Watu Wengine

Mama yangu alizikwa bila mimi, na kosa lilikuwa langu. Mwaka mmoja kabla ya hapo niligombana na kaka yangu juu ya kipande cha shamba kisichotosha hata kufunga mbuzi wawili. Nikaitoa laini ya simu, nikaivunja kwa meno, nikanunua nyingine, na namba mpya sikumpa mtu yeyote wa nyumbani. Nilijiona mwanaume kwelikweli. Habari za msiba nilizipata sokoni Kawangware, wiki tatu baada ya mazishi, kutoka kwa mama mmoja wa kijiji chetu anayeuza dagaa wa omena. "Pole na mama," aliniambia. "Walikutafuta sana." Kisha akaendelea kumpimia mteja wake kwa kikopo, maana hakujua kwamba nilikuwa sijui.

Mimi ni fundi wa makochi. Siku hiyo nilirudi kazini nikapigilia misumari mpaka jioni. Sikulia. Majirani wa ploti tunayopanga sikuwaambia neno. Nilikuwa nimeishi nao miezi minane nikiwasalimia kwa kutikisa kichwa tu, na isitoshe nilijua watakachouliza. Mtu akifiwa, swali la kwanza huwa ni "Mnazika lini?" Ningejibu nini? Kwamba tulishazika, ila mimi sikuwepo? Na nani huja kumpa mtu pole kwa mazishi ya mwezi uliopita? Nikawa nafunga mlango mapema. Chumba kilikuwa kimya hivi kwamba nilijisikia nikitafuna ugali, na sauti hiyo ilinichukiza.

Jumapili ya pili nilishindwa kukaa. Nilikuwa nimekumbuka kwamba Nairobi nzima kuna mtu mmoja tu aliyewahi kumjua mama: jirani yangu wa zamani kule Kibera, muuza mboga. Kwetu mama halali katika nyumba ya mwanawe, kwa hiyo mama alipokuja kunitembelea alilala kwa huyo jirani wiki nzima, na nilikuwa nikiwasikia wakicheka upande wa pili wa mabati. Nilitaka anisimulie walichokuwa wakicheka. Basi. Nikaenda kwa miguu, nikapita Riruta, nikatokea Olympic, mwanzo wa Kibera, nikateremka mpaka kwenye mlango niliokuwa nikiujua. Ukafunguliwa na msichana aliyejifunga taulo kichwani.

"Huyo mama alihama kitambo, mzee," alisema. "Alirudi ushago, kwao kijijini. Namba yake sina."

Nina miaka arobaini na moja. Nilikasirika hata kwa hilo la kuitwa mzee, na nikaondoka bila kusema asante.

Hatua chache kutoka pale, turubai lilikuwa limefungwa kati ya nyumba mbili, viti vya plastiki vimejaa watu, nao wanaimba wimbo uleule wa kanisa unaoimbwa nyumbani kwetu mtu akifa. Sijui nilishikwa na nini. Kilio kilinitoka bila ruhusa yangu, cha kupaza sauti, mikono kichwani, nikiwa bado njiani.

Sasa, kwetu magharibi, anayefika matanga akilia namna hiyo kuanzia nje hachukuliwi kuwa mpita njia. Huyo ni wa damu. Wanawake wawili wakanijia mbio, wakanishika huku na huku, wakanipitisha katikati ya watu mpaka mbele kabisa, walikoketi wafiwa. Viti vikasogezwa. Nikaketishwa kando ya mjane mwenyewe, nikashikishwa kikombe cha chai.

Nilipaswa kusema ukweli papo hapo. Sikusema. Nililia mbele ya picha ya mwanaume nisiyemjua, amevaa tai, na niliona aibu na nafuu kwa wakati mmoja. Nyuma yangu mtu alinong'ona kwamba huyu lazima ni yule mdogo wake wa Eldoret, mwingine akasema hata pua wanafanana.

Wimbo ulipoisha, mjane akanigeukia. "Shemeji, unisamehe," alisema taratibu. "Siwezi kukukumbuka. Wewe ni wa upande gani?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba mimi si wa upande wowote, na mumewe simjui. Kwamba nimetoka Kawangware, mama yangu alikufa, na sijapata mahali pa kumlilia. Nikasimama niende zangu kabla sijafukuzwa, kwa sababu mtu anayekunywa chai ya wafiwa bila kuwa mmoja wao ana jina lake mtaani, mdoezi, na siku ile ningestahili kuitwa hilo jina.

"Keti," alisema. "Chai yako haijaisha."

Nikaketi.

"Mlizika lini?"

Lile swali. "Walizika," nikasema. "Mimi sikuwepo."

Hakuuliza kwa nini. Mpaka sasa namshangaa, maana mimi ningeuliza. Alifuta uso wake kwa pindo la leso, akamwita mchungaji aliyekuwa akijiandaa kufunga kwa maombi. "Pasta, huyu pia amefiwa. Umweke na mamake kwenye maombi."

Mchungaji akaniinamia aniulize mama aliitwa nani. Mtu hana mazoea ya kumtaja mamake kwa jina. Humwita mama, yakaisha. Nikamtajia majina yake yote mawili. Kisha watu wote wakasimama. Akamwombea kwanza mwenye picha, ambaye angesafirishwa Alhamisi kwenda kuzikwa kwao, halafu akamtaja mama yangu, jina lake la ubatizo na lile la nyumbani, na watu wale, ambao mpaka leo hawajui mimi naitwa nani, wakaitikia amina kwa nguvu ileile.