Kanda Isiyo na Maandishi

Nakiri kosa langu mwenyewe, nisije nikaisingizia deki ya video.

Miaka ile maduka ya Singida mjini yalikuwa yameanza kujaa vitu vya nje, nami nikashikwa na ugonjwa wa kukusanya vitreni vya shaba. Rafiki yangu wa Dar aliniazima kanda ya video ya watu wanaovikusanya kama mimi, ila aliitaka baada ya siku mbili. Nikaazima deki ya pili ili niinakili. Mezani palikuwa na kanda isiyo na maandishi. Nikadhani ni tupu, nikaichomeka bila hata kuirudisha nyuma.

Jumapili akaja jirani yetu Bi Mwanaidi, mjane wa miezi mitatu, na binti yake Zaituni aliyetoka Tabora.

“Shikamoo mama,” nikasema.

“Marahaba mwanangu. Ile kanda ya harusi ya Zaituni niliyomwachia mkeo, tuwekee tumwone baba yake. Nyingine hatuna.”

Mke wangu akaichukua pale mezani. Nikaitambua. Ningeweza kusema, lakini nilinyamaza, nikijipa moyo kwamba labda sikufuta pale alipo marehemu.

Marehemu akatokea, amemshika bintiye mkono. Akafungua kinywa amuusie. Mara kikapita kitreni cha shaba, kikizunguka meza ya mtu nisiyemjua.

Zaituni akaanza kulia. Bi Mwanaidi akanigeukia, akaniuliza taratibu:

“Mwanangu, mume wangu umempeleka wapi?”