Shibiri Moja ya Lesi

Nilimwita wifi yangu, mke wa kaka yangu, mwizi mbele ya wateja wanne, naye hakuwa ameiba hata uzi.

Tulikuwa tunashona vitambaa vya meza za duara, sebuleni kwangu. Mimi nakata, yeye anazungushia lesi. Kazi hiyo nilijifunza kwa mama mdogo, aliyenilea. Wanawe aliwapeleka shule. Mimi alinipeleka chini ya cherehani kuokota pini. Kanuni yake ilikuwa hii: pima upana wa kitambaa, kata lesi mara tatu yake, kisha ongeza shibiri moja. Nilipomuuliza hiyo shibiri ni ya nini, aliniambia nishone, maswali ni ya wanaosoma.

Nilipoanza kazi yangu mwenyewe, niliona shibiri ile ni israfu tu, nikaiacha. Kitambaa upana shibiri saba, lesi ishirini na moja. Kila kitambaa wifi akanirudishia kina pengo la lesi ukingoni. Mara ya kwanza nililipuuza. Mara ya tano, wateja wamekaa, nikamuuliza lesi yangu anaipeleka wapi. Mmoja wao akatania kwamba huenda anajishonea gagulo. Wakacheka, na mimi nikacheka. Wifi akamwaga mkoba wake mezani: kitana, funguo, dawa ya kikohozi. Akavua hata kitambaa cha kichwa, akakikung'uta mbele yetu. Aliondoka nacho mkononi, kichwa wazi.

Miaka miwili ikapita. Binti yangu akaja na kazi ya shule, kupima vitu vya duara kwa uzi, tukaifanya mchezo. Tukauzungushia uzi mfuniko wa sufuria, tukaulaza kwenye upana wake: mara moja, mbili, tatu, kikabaki kipande. Sahani, kikabaki. Ndoo, kikabaki. Nikamwambia anauvuta uzi, nikavua bangili yangu nikapima mwenyewe. Kikabaki.

"Inaitwa pai, mama," akasema. "Mara tatu na kidogo. Duara lolote lile."

Nikatandaza kitambaa cha meza sakafuni, nikakizunguka kwa magoti, nikihesabu shibiri ukingoni. Ishirini na mbili.

Binti alikuwa ananitazama. "Basi anti hakuchukua," akasema taratibu.

Kesho yake nilimkuta wifi jikoni kwake anachambua maharage. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono haikusimama.

"Wifi, haya unaniambia jikoni, tuko wawili," akasema. "Mwizi uliniita mbele za watu wanne."

Ningependa kumtwika mama mdogo lawama. Nilimdai shule, na amekufa hajanilipa. Lakini mdomo uliomwita mtu mwizi ni wangu.

Wateja watatu nimewafuata majumbani mwao, nimewaambia. Wa nne, yule wa gagulo, amehama, na ndiye aliyeieneza habari ile kuliko wote. Mpaka nimpate, wifi bado ananidai jina lake.