Gari la Milango Miwili

Mtaa mzima ulijua kwamba Fundi Viti ana wake wawili. Wa kwanza alimwoa mbele ya wazee. Wa pili alimwokota kwenye yadi ya vyuma chakavu, akiwa na milango miwili, hana injini, na kuku wametaga kwenye kiti chake cha nyuma. Utani huo aliuanzisha mkewe mwenyewe. Mgeni akija na kumkosa mzee sebuleni, aliambiwa, "Yuko kwa mke mwenzangu, nenda uani kamwite." Na aliyasema kwa sauti ileile aliyoitumia miaka yote kuita majina ya wagonjwa dirishani hospitalini, kwa hiyo hata yule aliyekuwa chini ya gari alisikia vizuri kwamba anasemwa.

Kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari. Karakana ilikuwa chumba kirefu kinachotazama barabara, kimejaa sponji, ngozi bandia na harufu ya gundi, na sheria yake ilikuwa moja: hakuna kiti kinachofungwa kabla mwenyewe hajakikalia. Dereva wa lori, mwenye teksi, daktari, wote walikalishwa juu ya sponji tupu, naye akiwazunguka na chaki, anachora pale nyama zinapolemea. Wateja wenye haraka walinung'unika. "Ndugu yangu," aliwajibu, "mimi sishoni kiti. Nashona makalio ya mtu." Watu walicheka, wakakaa, na viti vyake vilidumu kuliko magari yenyewe.

Lile gari la uani hakuwahi kulifanyia biashara. Halikubeba gunia, halikubeba mgonjwa, na jirani aliyeliomba kwa ajili ya harusi ya mwanawe aliambiwa breki hazijakaa sawa, jambo ambalo halikuwa kweli. Zaidi ya miaka ishirini, tangu alipolitia injini, lilioshwa Jumamosi, likatolewa Jumapili kuzungushwa mitaa miwili mitatu, likarudishwa chini ya turubai. Tusimwonee. Mtu anayeinamia viti vya watu wengine mchana kutwa ana haki ya kuwa na kimoja ambacho ni chake. Kosa lake si kulipenda gari. Kosa lake nitalifikia.

Kiharusi kilimpata mkewe jikoni, akiwa ameshika sufuria. Kilimchukua upande wa kushoto, mkono na mguu, na kikampunguzia ulimi. Sauti ile iliyokuwa ikiita wagonjwa ikawa ya kuburuta, maneno yanakuja moja moja na mengine yanakuja yamevunjika. Wageni walimwambia "unasemaje?" mpaka akachoka kusema. Mumewe naye, Mungu amsamehe, alizoea kuitikia "ndiyo, ndiyo" bila kusikia.

Mtu mmoja tu alimwelewa neno kwa neno. Huyo ni dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi mji wa pili. Kila asubuhi simu iliwekwa juu ya mto wa kitanda, karibu na sikio zuri, na wale dada wawili wakaongea mpaka simu ikapata moto. Humo ndani ya simu yule mama wa kiharusi alikuwa mtu mzima tena: anasengenya, anacheka, anagomba. Halafu dada mkubwa naye akaanza kuugua figo. Simu zikawa fupi. Ikafika mahali anayepokea ni mwanawe, anasema mama yake amelala.

Ndipo mama akamwambia mumewe jambo ambalo alilisikia vizuri mara hii.

"Nipeleke kwa dada. Nataka nimwone."

Ni ombi dogo, lakini jaribu kumtia mtu asiyeweza kusimama ndani ya gari la chini, lenye milango miwili. Teksi walishajaribu, siku ya kwenda kliniki: wanaume wawili wasiomjua walimkunja, wakamsukuma, nguo ikampanda, akalia kwa uchungu na kwa aibu. Alikula kiapo kwamba habebwi hivyo tena. Alichohitaji ni gari la kuingia akiwa amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu, na magari ya namna hiyo hapo mjini hayakodishwi.

Aliyelipata ni shemeji, mdogo wake mama, fundi umeme wa magari. Alikuja uani akamkuta Fundi Viti anafuta kioo cha mbele.

"Shemeji, kuna bwana mmoja ana duka la vioo. Analitaka hili gari lako, analiota usiku na mchana. Na yeye ana lile lake la kubebea vioo. Gari kwa gari, hakuna cha kuongeza."

"Lile refu kama jeneza?"

"Refu, ndiyo. Lina mlango wa kuburuta pembeni na ubao wa kupandishia. Dada anaingia na kiti chake, hashikwi na mtu."

Fundi alikunja kitambaa, akakikunjua. "Nitalifikiria."

"Lifikirie haraka. Nimetoka kumwona dada mkubwa. Hali ya juzi siyo ya leo."

Akalifikiria, na hapa ndipo alipojiponza. Maana mtu anayetaka kukataa hakosi akili ya kukataa nayo. Alijiambia: mimi ni fundi wa viti, nashindwaje na kiti? Nitang'oa cha abiria, nitaweka kinachozunguka. Mlango ukifunguliwa kiti kinageuka nje, mama anahamia, kinarudi ndani. Gari linabaki, mama anasafiri, na kila mtu anafurahi. Alivyoifurahia hiyo hesabu, ungedhani amemponya.

Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. "Baba, usihangaike," alisema. "Badilisha gari."

"Nipe muda kidogo tu, mama. Utakaa raha mustarehe."

"Muda gani?"

"Mwezi huu hauishi."

Mwezi uliisha, na mwingine. Beringi ya kwanza ilikuwa ndogo, ya pili ikagoma, kitako cha chuma kikachomelewa na kukatwa na kuchomelewa tena. Viti vya wateja vililala karakana, na kila shemeji alipopiga simu aliambiwa bado kidogo. Mama alikuwa akisukumwa hadi kwenye mlango wa nyuma asubuhi, na kutoka hapo aliiona migongo miwili, wa gari na wa mumewe. Utani wa mke mwenza hakuutaja tena. Siku nyingine aliuliza, "Leo?" Naye akajibu bila kugeuka, "Karibu, mama."

Sasa, kosa lake. Kila mtu aliyewahi kuingia karakana ile alikalishwa kwanza. Mkewe peke yake hakukalishwa. Alikuwa hapohapo, hatua chache mlangoni, na sponji ilikuwa tupu, na chaki ilikuwa mfukoni. Fundi alijidanganya kwamba anataka kumshangaza. Alijidanganya pia kwamba mwili wa mtu aliyelala naye maisha yake yote haupimwi. Ukweli aliujua, na mimi nausema: aliogopa. Angemkalisha, mama angesema "hakifai", na kazi ingeishia pale pamoja na gari. Kwa hiyo alishona kwa kukumbuka. Alimshonea mwanamke mwenye nyonga pana na mgongo ulionyooka, yule aliyekuwa akitembea kwenda kazini na kurudi. Akakifunga.

Siku ya kukijaribu majirani walitoka. Kiti kiligeuka vizuri, hakikupiga kelele, kimevikwa ngozi bandia nyeusi yenye mshono mwekundu, na wengine walipiga makofi. Yeye na jirani wakamhamisha mama kutoka kiti cha magurudumu. Alikaa, na papo hapo akazama. Upande wake wa kushoto ulikuwa umekwisha nyama, ukaserereka kwenye pengo lililoachiwa nyonga ambayo haikuwepo. Kitako cha chuma kilikuwa kimekiinua kiti, kwa hiyo kichwa kikagusa paa na shingo ikalala pembeni. Alisema neno. Mumewe akasema, "Ndiyo, ndiyo, kinarudi sasa," na akakizungusha ndani.

Kilikwama. Akakisukuma kwa goti. Mama hakupiga kelele, kwa sababu mguu ule hakuwa akiusikia. Jirani ndiye aliyeona damu kwenye kizingiti cha mlango. Mguu wa kushoto ulikuwa umebanwa kati ya chuma na bodi, na umevunjika juu kidogo ya kifundo.

Shemeji aliwakuta hospitalini. Alimtazama dada yake amelala, mguu una plasta, halafu akamtoa Fundi Viti hadi ukumbini, penye mabenchi ya wanaosubiri.

"Hebu niambie," alisema polepole. "Kile kiti ulikuwa unamtengenezea nani?"

Shemeji akajijibu mwenyewe:

"Ulikuwa unajitengenezea wewe. Mimi nina dada wawili tu, shemeji. Mmoja anamaliza siku zake anamwulizia mwenzake, na mwenzake umemvunja."

Kesho yake Fundi Viti aliking'oa kile kiti, akaliendesha gari lake mpaka duka la vioo. Bwana wa vioo aliliona lile tobo la kiti cha abiria, akashusha pumzi, lakini akakubali. Walipeana funguo palepale kaunta. Fundi alidhani atalia na hakulia. Alishangaa tu jinsi lilivyokuwa jambo jepesi, dogo, ambalo lingefanyika siku ileile shemeji alipolitaja. Aliendesha lile refu mpaka nyumbani, akang'oa fremu za vioo, akaweka mikanda ya kufungia kiti cha magurudumu. Safari hii alikwenda kukichukua kiti chenyewe hospitalini, alikolazwa mama, akakipima kila upande.

Gari likawa tayari. Mama hakuwa tayari. Daktari alikataa katakata: kidonda juu ya mfupa uliovunjika, kwenye mguu usiosikia, kikitikiswa barabarani kitaoza na mguu utakatwa. Asubiri. Kwa hiyo wakasubiri, yeye kitandani, gari mbele ya nyumba, mlango wake wa kuburuta umefungwa. Fundi alilipasha moto kila asubuhi. Watu waliopita walimsalimia wakalisifu, na kila sifa ilimchoma.

Alijaribu kuwaunganisha wale dada wawili kwa simu. Mwanawe dada mkubwa alishika upande ule, yeye akashika huku. Kulikuwa na pumzi tu. Mama alisema maneno mengi siku hiyo, taratibu, na hakuna aliyejua kama yalisikiwa.

Plasta ilitolewa siku ya Jumatano. Daktari alisema mwisho wa wiki mnaweza kwenda. Alhamisi, kabla ya chai, simu ililia, na shemeji aliomba kuongea na dada yake mwenyewe. Fundi alimwekea sikioni. Alimwona anasikiliza, anasikiliza, halafu jicho moja linatoa machozi na lile la kushoto, ambalo halifumbi vizuri, limebaki wazi linatazama ukuta.

Wakaenda kuzika. Kila kitu kilikwenda kama shemeji alivyosema tangu mwanzo. Mlango uliburutwa, ubao ukashushwa, mama akapanda na kiti chake, hakuguswa na mtu, nguo yake imetulia juu ya magoti. Kule msibani alisukumwa mpaka kwenye jeneza. Aliomba lifunuliwe, na kwa vile kila mtu alimwuliza "unasemaje?", likawa limekwisha kuinuliwa alipoeleweka. Shemeji hakumsalimia Fundi Viti, na Fundi hakusogea kumtafuta.

Jioni walirudi wawili peke yao. Fundi aliendesha polepole, akikwepa mashimo, akingoja alaumiwe. Alilitaka hata tusi. Alijua jibu lake: kwamba alikosa, kwamba aliogopa, kwamba kama angerudishiwa ile asubuhi ya shemeji angelitoa gari na karakana pamoja. Aliyarudia maneno hayo kichwani kilomita baada ya kilomita. Lakini mama alikuwa anatazama nje, mashamba yanapita, maduka yanapita, watu wameketi vibarazani.

Matangi ya maji ya mji wao yalipotokea mbele, alisema kitu. Fundi alipunguza mwendo, akarudisha kichwa nyuma ili asikie.

"Kumbe ni karibu hivi," alisema mama.

Yale maneno aliyojiandalia hayakuwa na mahali pa kuingia. Aliendesha huku analia, hakujificha, na mkewe hakumwambia anyamaze.