Prisca Banzi, fundi anayeuliza kwanza mama ni nani

Saa sita kasoro robo mchana, bati la chumba cha uani cha Prisca Banzi linalia ta-ta kwa joto. Dirisha kalifunga makusudi. Mezani kuna kompyuta mbili zisizo na maboksi, matumbo nje kama mbuzi waliochunwa, na kila moja ina feni inayovuma.

Prisca anainamisha mshumaa. Anadondosha tone la nta juu ya alumini inayopoza kompyuta ya kwanza, kisha ya pili. Anatazama saa ya ukutani, anavuta kigoda.

"Sasa tungoje," anasema. "Nta haijasoma tangazo la mtu."

Prisca ana miaka 41. Anaunganisha kompyuta hapa Mji Mpya, mjini Morogoro. Chini ya kila alumini kuna prosesa, kidude cha ukubwa wa biskuti chenye miguu midogo mingi kama tandu. Hicho ndicho kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Hizi mbili zimetoka kwa kampuni mbili za ng'ambo zinazogombea soko moja, na Ijumaa moja lazima ipande lori la Matombo, huko milimani.

Mwenye safari ni Mwalimu Stephano Mkude, miaka 58, anayefundisha kupiga chapa katika kituo cha ufundi cha parokia huko. Ana wanafunzi kumi na tisa, wote wasichana, na taipureta mbili, moja imekwama herufi ya "a". Wazazi wamechanga kwa misimu miwili, huyu mkungu wa ndizi, yule mdalasini, ili wapate kompyuta moja tu. Mfukoni mwalimu ana karatasi ya mpwa wake aliyeko Dar es Salaam. Imeandikwa maneno mawili: "Gigahezi moja." Maana yake mbio za prosesa, na mpwa kaagiza wasikubali kitu chini ya hapo.

Mwalimu ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa, anajipepea kwa karatasi hiyo hiyo.

Hawa wawili wanajuana. Prisca alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha nguo, mshahara shilingi 38,000 kwa mwezi, mpaka kilipouzwa mwaka 1996 na wafanyakazi wakaambiwa asanteni. Alitoka na kiinua mgongo kidogo, cherehani na bisibisi sita. Mwaka uliofuata ofisi moja mjini ikatupa kompyuta mbili zilizokufa. Akazifungua zote mbili, akatoa moja nzima.

"Sikuwa na kitabu," anasema. "Nilikuwa nachomoa kitu kimoja, nawasha, nasikiliza italia nini."

Tangu hapo ameunganisha 31. Mwezi mzuri humwachia shilingi 90,000, mwezi mbaya humwachia mazungumzo.

Kompyuta ya tisa ndiyo iliyomtia aibu. Ilikuwa mwaka 1999, na mteja alikuwa huyu huyu Mwalimu Stephano na mchango wa kwanza wa wazazi. Prisca alikwenda Kariakoo, akanunua prosesa duka hili na madabodi duka lile. Madabodi ni ule ubao ambao vifaa vyote hukaa juu yake. Miaka ya nyuma ubao mmoja ulipokea prosesa za kampuni zote mbili, naye akadhani mambo bado ni yale yale. Kumbe kampuni zilikwishaachana, kila moja ikajenga mlango wake. Miguu ya prosesa haikuingia kwenye matundu.

Prisca akauza cherehani, akarudisha mchango wa watu. Mwalimu alirudi Matombo na fedha zile zile, wazazi wakazielekeza kwenye bati la darasa, na habari ikapanda mlima kwamba fundi wa mjini hajui kazi. Tangu siku hiyo hakuna mteja aliyeshuka kutoka huko, mpaka Jumatatu ya wiki hii.

Alipoingia, Prisca alimwamkia shikamoo akiwa ameangalia chini. Mwalimu akaitikia marahaba, kisha akauliza kama safari hii mkwe ataingia mlangoni au watamkata miguu. Wakacheka wote wawili. Lakini kabla ya kukaa, mwalimu alimwita kwa jina la mwanawe, akasema jambo moja bila kucheka.

"Mama Elia, hawa watu hawatachanga mara ya tatu."

Neno hilo la mkwe ni la Prisca mwenyewe, alilitunga baada ya aibu ile. Waluguru ukoo wao huhesabika kwa mama, na zamani mwanamume akioa alihamia kwa wakwe. Basi kwa Prisca madabodi ni mama mwenye nyumba, prosesa ni mkwe anayehamia. Mteja akianza kuisifia prosesa, humkatiza.

"Nauliza kwanza mama ni nani. Anapokea ukoo gani? Na mkwe huyu akishindwa, yuko mwingine atakayeweza kuingia?"

Duka moja la Kariakoo limemwazima seti mbili, kila mkwe na mama yake, arudishe moja bila mkwaruzo. Ya kampuni kubwa ni ya megahezi mia nane, pungufu mia mbili kufikia gigahezi, imetulia, lakini muuzaji alimwambia mama yake amefika mwisho, hapokei wakubwa zaidi. Ya kampuni ndogo ndiyo gigahezi moja yenyewe, bei nafuu, na mama yake ana nafasi ya wakwe wengi wajao. Prisca alikwishaamua moyoni kuchukua hii ya pili. Ina joto, ndiyo, na joto huua prosesa, lakini inakwenda milimani, na milimani kuna baridi.

Prisca ni mzaliwa wa Mgeta, kwenye kabichi na ukungu. Mwalimu aliposikia hesabu hiyo alimwangalia kama mtoto.

"Mgeta ndiko mnakovaa sweta mchana. Kwetu Matombo nanasi linaivia shambani, na darasa lina bati kama hili lako."

Ndipo dirisha lilipofungwa.

Saa saba na robo Prisca anainuka, mwalimu naye. Tone la kampuni kubwa limekaa, jeupe. La gigahezi limekuwa maji, limeteremka kwenye mapezi ya alumini. Mwalimu anaikunja karatasi ya mpwa wake mara nne.

Prisca anauma ncha ya bisibisi. Anaonekana kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali. Kisha anazima zote mbili na kutoka kwenda kibanda cha simu. Anapiga Kariakoo: mama abaki huyu huyu wa gigahezi, ila mkwe arudi kwao, waletewe mdogo wake wa megahezi mia saba.

Jumatano kifurushi kinashuka na basi la asubuhi pale stendi ya Msamvu. Mchana dirisha linafungwa tena, na nta inadondoka. Miguu imeingia bila kusukumwa. Baada ya saa moja na nusu tone liko palepale. Prisca anaongeza nusu saa kwa wasiwasi wake mwenyewe. Bado liko.

"Nimewaahidi gigahezi," anasema mwalimu. "Nitasimama mbele yao niseme nini?"

"Waambie mmepata mama. Mkwe akizidiwa na kazi, anarudi kwao. Mama hahami."

Mwalimu anacheka polepole, anasema wazee wa Matombo hilo wataelewa kuliko gigahezi.

Prisca anapanga kupanda mwenyewe baada ya masika, akiwa na bisibisi zake sita, awafundishe wale wasichana kumi na tisa kufungua boksi bila woga, asishuke mtu mlima mzima kwa ajili ya skrubu moja. Siku parokia itakapoweka dari chini ya lile bati, mkwe mkubwa atawafuata.

Anapofunga boksi, mwalimu anamwonyesha kwamba kasahau kubandua nta.

"Sijasahau," anasema Prisca. "Ubavu huu sifungi skrubu, waitazame kila mchana. Siku ikilainika, wapumzike, wafungue madirisha."