Siku Mama Mikono Aliposema Siwezi

Mtaa mzima ulimwita Mama Mikono, na jina hilo hakulipata kwa kubembeleza. Mikono yake ilikuwa mipana kama ya mpasua mbao, lakini ikitua juu ya tumbo la mja mzito, mwenye tumbo husahau alikuwa analalamikia nini. Kazi yake ilikuwa ukunga. Kwa miaka ishirini na sita alizalisha wanawake katika nyumba za ghorofa na za mabati. Kuna nyumba moja alimpokea binti alipozaliwa, na binti alipokua akampokea na mtoto wake, na hadi leo wawili hao hubishana ni kitovu cha nani kilichokatwa vizuri zaidi.

Mkoba wake ulikuwa wa turubai. Ndani yake mlikuwa na sabuni, mkasi, uzi, vitambaa vilivyochemshwa, na Bi Mdogo.

Bi Mdogo alikuwa kisanamu cha mti, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mama Mikono alikirithi kutoka kwa shangazi yake aliyemfundisha kazi, na kilikuwa kimesuguliwa hata pua ikaisha. Jina hilo lilitoka kwa mume wa Mama Mikono, fundi viatu, mtu asiyeishiwa maneno. Alikuwa akiwaambia wateja wake kwamba yeye ni mume wa mke mmoja, ila mke huyo amemletea bi mdogo bila kumuuliza, na sasa mafuta mazuri yote ya nyumba yanaishia kwa huyo mgeni.

Kila Mama Mikono alipoitwa, utaratibu ulikuwa ule ule. Maji ya kwanza ya moto yalikuwa ya Bi Mdogo. Alimwosha, akamfuta, akampaka mafuta, akamsimamisha kichwani pa mzazi na kumwambia kwa sauti ya chini, "Fungua njia." Mikono yake mwenyewe aliinawa baadaye, kwa maji yaliyobaki.

Usidhani hakumjua Mungu. Alisali, na siku ya ibada hakukosa. Ila sala zake zilikuwa za nyumbani na za siku njema. Kazini, mzazi anapopauka na jasho kumtoka, macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kile kijiti. Na kijiti kilikuwa na faida moja ambayo hakuwahi kumwambia mtu: kilimbebea lawama. Mwaka mmoja mtoto alitangulia kutoa miguu, kichwa kikachelewa, akafa. Mama Mikono aliiambia familia kwamba siku ile Bi Mdogo hakuoshwa sawasawa. Wakakubali. Hata yeye akakubali, akaenda nyumbani akalala.

Kilichomwamsha ni mke wa mwoka mikate.

Ilikuwa asubuhi, katika chumba kilicho nyuma ya tanuri, vitasa vya milango vikiwa vyeupe kwa unga. Ilikuwa mimba ya pili, uchungu unakwenda vizuri. Mama Mikono akafungua mkoba, akaingiza mkono, akautoa mtupu. Alikuwa amemwacha Bi Mdogo dirishani nyumbani, anakauka mafuta.

Mzazi akamshika upindo wa gauni na kumsihi asiondoke. Mama Mikono akamtoa vidole kimoja kimoja, akamwambia anarudi sasa hivi, akatoka. Kutoka pale hadi kwake ni mitaa minne. Alikwenda mbio na kurudi mbio, mti ukiwa kwapani, na aliporudi akakuta mtoto keshatoka. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni mara mbili. Aliyekitoa ni mama wa mwoka mikate, bibi ambaye maisha yake yote alikuwa hajazalisha hata mbuzi, kwa vidole vilivyojaa unga. Mtoto alikuwa wa buluu, akalia baada ya muda mrefu mno.

Wangemtukana, angeondoka na mzigo mwepesi. Walimshukuru. Yule bibi akamchukua Bi Mdogo kwa mikono miwili na kusema kuwa hakika ameona mambo akiwa huko huko njiani, akawafungulia. Wakamwombea Mama Mikono maisha marefu, wakamfungia na mikate.

Alifika kwake, akamkuta mumewe anashona kisigino. Akamsimulia yote, hata kile kidole cha mwisho alichokibandua kwenye gauni. Fundi viatu alikuwa na mzaha tayari mdomoni, ukaonekana ukirudi chini.

"Mke wangu," akasema, "mtoto alikuwa ananyongwa. Wewe ulikuwa umefuata nini?"

Mama Mikono akamchukua Bi Mdogo. Aliingia jikoni akafunga mlango. Alichomwambia Mungu humo ndani hatukijui chote, lakini mumewe alisikia sehemu kupitia mbao za mlango. Alimsikia akitaja yule mtoto aliyekufa, akisema wazi kwamba kosa lilikuwa lake na wala si la mti. Alimsikia akisema, "Nimekugawia midomo, moyo nikampa huyu. Nirudishe." Kisha akasikia kuni zikisogezwa.

Bi Mdogo aliwaka kwa mwali mrefu wa manjano, maana mafuta ya miaka yote yalikuwa yamemwingia hadi kiini. Mama Mikono alisimama pale mpaka ukabaki mkaa. Fundi viatu akachungulia, akasema ameona talaka za kila namna ila ya moto ndiyo ya kwanza. Wakacheka wote wawili, na Mama Mikono huku analia.

Kuchoma ilikuwa rahisi. Kusema ndiko kulikomgharimu. Alizunguka kwa kila mwanamke aliyekuwa amepatana naye amzalishe, akamwambia ukweli: kisanamu hakipo, hakikuwahi kufanya kitu, na kwa mwoka mikate nusura amuue mtoto kwa ajili yake. Wengine walimwelewa. Wengine walihamia kwa mkunga wa ng'ambo ya daraja, na mmoja akamwambia usoni kuwa mkunga bila Bi Mdogo ni sawa na mpishi bila moto. Kwa mwoka mikate alikwenda pia, akapiga magoti mbele ya yule bibi na kuyarudisha maneno yote ya shukrani aliyopewa. Bibi alinuna wiki nzima, maana alikuwa ameshawasimulia watu habari za Bi Mdogo na sasa angewaambia nini.

Miezi saba ikapita. Ndipo binti yake wa pekee akaja kujifungua mimba ya kwanza, na mkwe, mama wa mume wake, akafuatana naye.

Wawili hawa walikuwa wamesikia, ila hawakuwa wamesadiki. Binti alikagua mkoba wa mama yake kama askari wa mpakani. Alipoona Bi Mdogo hayumo, akaketi kitandani, akamtazama.

"Mama, watoto wa watu wote umewazalisha naye. Imefika zamu yangu ndiyo unamchoma? Mimi ndiye wa kujaribiwa?"

Mama Mikono alijibu kuwa hakuna anayejaribiwa. Lakini neno lile lilimwingia, na siku mbili alitembea nalo. Mkwe naye, mama mwenye moyo mzuri na ulimi usiotulia, alisema jambo hilo linarekebishika. Yupo mchongaji anaweza kutengeneza kingine kwa siku moja, hata pua ataiweka. Mama Mikono akamshukuru, akasema pua hiyo abaki nayo mchongaji.

Uchungu ulianza saa mbili asubuhi. Mama Mikono akanawa mikono kwa maji ya kwanza, akaiweka juu ya tumbo la mwanawe, na mikono ikamwambia jambo ambalo hakulitaka. Akasogeza kiganja, akabonyeza tena. Kichwa kilikuwa juu, chini ya mbavu. Jana yake kilikuwa chini. Mtoto alikuwa amejigeuza, amekaa kitako.

Zamani angejua la kufanya. Angempaka mafuta Bi Mdogo, angesema maneno yake, angejaribu. Katika miaka ishirini na sita hakuwahi kumpeleka mzazi hata mmoja hospitali, na mtaa ulijivunia hilo kuliko yeye. Sasa, mikono ikiwa bado juu ya tumbo, akaona jambo lililomtia baridi: mti ulikuwa umeungua, lakini lile jina la Mama Mikono lilikuwa bado limesimama ndani yake, limepakwa mafuta, linangoja kuoshwa kwanza.

Akainuka.

"Hili siliwezi," akasema. "Tunakwenda hospitali."

Mkwe alidhani amesikia vibaya. "Mama Mikono umpeleke mwanao hospitali? Watu watasemaje?"

"Watasema siwezi. Na watakuwa wamesema kweli."

Fundi viatu alikwisha toka kutafuta gari, mguu mmoja na kiatu na mwingine bila. Walipokuwa wanampakia binti, mtaa ulikuwa umejaa milangoni. Mshona nguo wa jirani, aliyekuwa na kisa chake cha zamani na Mama Mikono, akauliza kwa sauti kama leo mikono imekwenda likizo. Mama Mikono akamjibu kwa upole kuwa ndiyo, imechoka kujisifu, akapanda gari.

Hospitali, mkunga mmoja kijana aliyevaa joho la kijani alimpima binti, akauliza nani aliyegundua kuwa mtoto amekaa kitako. Akaonyeshwa. Akasema wamewahi, wangengoja hadi mchana pengine yangekuwa mengine. Kisha mlango ukafungwa, binti akiwa upande ule na mama yake akiwa upande huu, kwenye benchi refu la ukumbini.

Hapo ndipo ilipokuwa kazi yenyewe. Mikono ile haikuwa na la kufanya. Kwa mazoea ikaingia mkobani kutafuta kitu cha kushika, ikakutana na sabuni. Akaitoa mikono mitupu, akaiweka mapajani ikiwa wazi. Mkwe pale pembeni alikuwa anaweka nadhiri juu ya nadhiri, ataleta hiki, atafunga siku kadhaa. Mama Mikono hakuahidi kitu. Baadaye alimweleza mumewe kuwa alitamani kuahidi, ila aliona ni kama kumfanyia Mungu yale yale aliyokuwa anaufanyia mti: nikuoshe, unifungulie. Basi alisema tu kwamba mtoto ni wake Yeye, na mama wa mtoto ni wake Yeye, na kwamba anaogopa. Akarudia hivyo mpaka maneno yakaisha, akabaki amekaa Naye bila maneno.

Ilichukua muda wa kuchosha. Walimpasua. Alitoka mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele.

Mkwe aliangua furaha, akamkumbatia Mama Mikono na kuanza kusema kwamba mikono hii, mikono hii hata bila kugusa inaokoa. Mama Mikono akaishika mikono ya mwenzake, akaishusha.

"Mkwe, tafadhali. Tusianze tena."

Jioni waliruhusiwa kuingia. Binti alikuwa amelala chali, midomo mikavu, mtoto kifuani. Aliomba maji, akanywa kidogo, kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, kule nje uliogopa?"

"Mno."

"Ulimwita nani?"

"Mmoja tu," akasema Mama Mikono. "Na nimechelewa miaka ishirini na sita kumwita peke yake."

Binti alijisogeza taratibu, akiuma meno kwa maumivu ya mshono, mpaka ikapatikana nafasi ya mtu mmoja ukingoni mwa kitanda. Mama yake akakaa.