Ndege Iliyosikika Ruhuwiko

Watu wa Lizaboni hapa Songea husema wifi yangu Getruda alifukuzwa kazi uwanja wa ndege kwa uvivu, eti alishindwa kuswaga mbuzi. Maneno hayo yananichefua. Kaka yangu alipomwoa, mwanamke huyu alikuwa akilima Mpitimbi tangu alfajiri, na pale uwanjani Ruhuwiko hakuna aliyewahi kumkuta amekunja mikono. Kazi yake ilikuwa kuondoa mifugo njiani, kisha kushusha bendera nyekundu ili rubani ajue njia ni nyeupe. Bendera ikiwa juu, ndege haiendi.

Zamani, kabla ya biashara kuwa huria, alilipwa kila mwisho wa mwezi, ndege zije zisije. Rubani wetu, Kapteni Muhsini, Myao wa Nalasi, alikuwa vivyo hivyo kwenye shirika la ndege la serikali. Mawingu yakimzuia Songea, siku ile ilihesabiwa siku ya kazi, na akirusha ndege mfululizo alilazimishwa kupumzika. Kisha ikaja kampuni ya watu binafsi, ikamwahidi karibu mara mbili kwa kila saa ya kuruka. Alitutangazia kwa Getruda tukinywa chai, meno yote nje.

"Na hiyo saa inaanza lini, Kapteni?" Getruda akamwuliza.

"Ndege ikianza kutembea, Mama Pankrasi."

"Na ukiwa umekaa hapa unangoja mvua?"

Akacheka, akaomba sukari.

Masika ya kwanza hakucheka tena. Mawingu yalimfunga Songea wiki nzima, anakula kwa pesa yake mwenyewe, na saa zake nono hazionji hewa. Akakonda. "Wameinenepesha saa ya kuruka, halafu wamezifuta zote za kungoja," alimwambia Getruda. "Mwezi ukiisha napeleka nyumbani pungufu ya zamani." Getruda alimwelewa vizuri, maana sasa kampuni ile ile ndiyo iliyomlipa na yeye, tena kwa kila ndege: ikiruka anapata, isiporuka anaambulia patupu.

Asubuhi moja Muhsini akachoka kungoja. Milima ya Matogoro haikuonekana kabisa, wingu limeshuka mpaka kwenye miti. Abiria wakapanda, wakakaa. Muhsini akawasha injini, akampungia Getruda mkono aondoe mbuzi.

Mbuzi wale walikuwa wenyeji pale. Wakisikia injini hukimbia wenyewe. Siku ile walilala katikati ya njia, vichwa vyote vimeelekea Matogoro, kimya, hata kucheua hawacheui. Getruda akawachapa. Mmoja akageuka, akamtazama, akarudisha kichwa chake kule kule. Wifi yangu anasema nywele zilimsimama. Akatupa fimbo, akakaa chini katikati yao, na bendera nyekundu akaiacha juu.

Muhsini akazima injini, akashuka amefura.

"Mama Pankrasi, unanimaliza! Ondoa hao mbuzi, mimi nina watoto!"

"Na mimi ninao. Leo wewe hulipwi na mimi silipwi. Kaa."

"Nitakuripoti!"

"Ripoti."

Hapo ndipo walipoisikia. Ndege ilianza kukimbia nyuma yao, kwenye njia ile ile, changarawe zikilia chini ya magurudumu, wakageuka na wasione kitu. Upepo wake uliwapiga usoni. Mbuzi wakainamisha vichwa. Mlio ukapita juu yao, ukapanda, ukaingia mawinguni kuelekea Matogoro, kisha ukakatika ghafla.

Uwanjani hakukuwa na ndege nyingine siku hiyo. Naogopa hata kusimulia, lakini bora niseme kuliko kuwaachia watu wa Lizaboni uongo wao. Injini ile ilikuwa na kikohozi kidogo upande wa kushoto, na kikohozi hicho Muhsini alikuwa akikisikia kila siku ya kazi yake.

"Lahaula," akanong'ona. "Hiyo ni yangu."

Akachuchumaa kando ya Getruda.

"Mama Pankrasi, imebeba watu?"

Getruda alikuwa anahesabu vichwa kwenye madirisha ya ndege iliyosimama, kimoja kimoja. Alipomaliza akaushika mkono wa Kapteni, aone kama bado una joto la mtu aliye hai.