Leo Padre Hakusoma Gazeti

Wenzangu wa bweni, leo Padre ametoka kanisani mikono mitupu!

Mnajua kila baada ya Misa husimama barazani na kusoma gazeti analolichapa mwenyewe, lenye salamu za wanaume waliokwenda kujenga reli. Ukisikia jina la mtu wako, unapiga kigelegele.

Mama yangu ametembea kutoka Msalato ili asikie jina la Baba. Halijasomwa tangu mavuno.

Padre akasema, "Askofu amenikataza kuchapa na kusoma habari. Niliapa kumtii."

Mama akamsalimu, "Mbukwa, Padre," akapiga magoti. "Basi ninong'oneze mimi tu. Yu hai?"

"Mama, sijui. Barua zote za reli nimeamriwa nimpelekee Askofu bila kuzifungua."

Akalia, wenzangu. Padre!

Mama akanigeukia. "Wewe si wanakusomesha? Mwandikie huyo Askofu."

Naogopa, lakini nitaandika. Labda atasoma.

Tatizo ni kwamba tumefundishwa kuwaandikia wazazi tu. Nani anajua barua ya Askofu huanzaje? Njooni mniambie. Mama amekaa hapa mlangoni na hataki kuondoka.